Klachi ya Haidroliki: Fizikia Yake, Utunzaji na Urekebishaji

Klachi ni kiungo cha gari ambacho dereva hakioni, nacho hukumbukwa siku kinapogoma. Gari lililojaa abiria linapanda mlima. Dereva anaongeza moto, injini inavuma, lakini mwendo hauongezeki. Au dereva anakanyaga pedali mpaka chini, anajaribu kuingiza gia ya kwanza, nayo gia inalia na kukataa. Katika hali zote mbili watu wengi hutoa hukumu moja tu: "Klachi imekwisha." Giaboksi hushushwa, pleti mpya hununuliwa kwa fedha nyingi, na siku nzima ya kazi hupotea.

Mara nyingine hukumu hiyo ni ya haki, kwani kila pleti ina mwisho wake. Lakini mara nyingine pleti ni nzima kabisa, na ubaya wote umetokana na hewa isiyojaza hata nusu ya kijiko cha chai, au na uwazi wa milimita moja uliosahauliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi mwenye fizikia ya sekondari anaweza kuitenga hali moja na nyingine kwa hesabu na kwa majaribio mepesi, kabla ya bolti hata moja ya giaboksi kulegezwa.

Kazi ya klachi

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, ambalo huzunguka wakati wote injini inapofanya kazi. Mbele ya giaboksi kuna shafti ambayo juu yake imevikwa pleti ya klachi, yaani sahani nyembamba iliyopakwa pande zote mbili kitu chenye msuguano mkubwa. Pleti hiyo hubanwa dhidi ya flaiwili na sahani nyingine ya chuma iitwayo presha pleti, ambayo husukumwa na springi yenye nguvu. Kwa hiyo dereva asipokanyaga kitu, vitu hivi vitatu huzunguka pamoja, na nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu.

Dereva akitaka kubadili gia sharti autenganishe mwungano huo kwa muda. Hapo beringi ya klachi husogezwa mbele na kusukuma ncha za ndani za springi, ambazo mafundi huziita vidole. Vidole vikisukumwa ndani, presha pleti hurudi nyuma, na pleti hubaki huru. Uma wa chuma ndio unaoisogeza beringi. Swali linalotuhusu ni hili: nguvu ya mguu wa dereva inaufikiaje uma huo, ambao uko mbali, chini ya gari, upande wa nyuma wa injini?

Katika magari mengi ya zamani kazi hiyo ilifanywa na vyuma vilivyounganishwa au na waya. Katika klachi ya haidroliki kazi hufanywa na kimiminika. Land Rover Series III, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, zilikuwa na klachi ya namna hii. Toyota Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, nazo zinayo. Kwa hiyo jambo tunalolieleza limo katika magari ambayo wasomaji wengi wamekwisha kuyapanda.

Safari ya kani

Mfaransa Blaise Pascal (1623–1662) alieleza kwamba kanieneo ikiongezwa mahali popote katika kimiminika kilichofungiwa, ongezeko hilo huenea bila kupungua katika kimiminika chote. Msomaji atakumbuka kwamba kanieneo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya shinikizo la haidroliki lililotumia kanuni hiyo. Klachi yetu ni mjukuu mdogo wa shinikizo hilo.

Pedali imeunganishwa na ufito unaosukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta. Kutoka hapo bomba jembamba huelekea kwenye silinda ya pili iliyo ubavuni mwa giaboksi. Katika makala haya tutaiita silinda ya chini. Pistoni ya silinda ya chini ndiyo inayosukuma uma.

Natuchukue vipimo vya mfano, vilivyo karibu na vile vya magari ya kawaida. Mguu unasukuma pedali kwa kani ya niutoni 100. Mahali pa kukanyagia pako milimita 250 kutoka kwenye egemeo, na ufito uko milimita 50 kutoka kwenye egemeo hilo. Pedali basi ni wenzo unaozidisha kani mara 5, na ufito unasukuma kwa niutoni 500. Kipenyo cha silinda kuu ni milimita 16, kwa hiyo eneo la pistoni yake ni milimita za mraba 201. Kanieneo ni 500 ÷ 201, yaani takriban niutoni 2.5 kwa kila milimita ya mraba, ambayo ni kama mara 25 ya kanieneo ya angahewa.

Kipenyo cha silinda ya chini ni milimita 20, na eneo la pistoni yake ni milimita za mraba 314. Kanieneo ileile ikisukuma eneo hili, tunapata kani ya niutoni 781 hivi. Uma nao ni wenzo. Tukidhani unazidisha kani mara 2, beringi inasukuma vidole kwa niutoni 1,562. Mguu uliotoa niutoni 100 umezaa kani inayozidi mara 15.

Lakini maumbile hayatoi bure. Tuufuate sasa mwendo badala ya kani. Pedali inashuka milimita 150. Ufito unasogea milimita 30. Pistoni ya chini, kwa kuwa ni pana zaidi, inasogea milimita 19.2, na beringi inasogea milimita 9.6 tu. Tukipuuza msuguano, na tukidhani kwamba kani haibadiliki njiani, kazi iliyofanywa na mguu ni jouli 15, na kazi iliyofanywa na beringi ni jouli 15 vilevile. Kani imeongezeka kwa sababu mwendo umepungua. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu: klachi ya haidroliki haina mwendo wa kupoteza. Kila milimita inayoibwa njiani huonekana mwishoni.

Mwizi wa kwanza: hewa

Mafuta ya breki yanayotumika katika klachi hayabonyei kwa kiasi cha kuonekana. Hewa hubonyea. Kwa mujibu wa kanuni iliyotangazwa na Robert Boyle mwaka 1662, joto lisipobadilika, kanieneo ya gesi ikizidishwa mara kadhaa, ujazo wake hupungua kwa kadiri hiyohiyo.

Katika mfano wetu, pistoni kuu ikisogea milimita 30 inasukuma mafuta ya ujazo wa sentimita za ujazo 6.03. Tuseme ndani ya bomba imenaswa hewa ya sentimita za ujazo 2. Kijiko cha chai huchukua sentimita za ujazo 5, kwa hiyo hewa hii haifiki nusu yake. Kabla ya pedali kukanyagwa, hewa hiyo iko katika kanieneo ya angahewa moja. Pedali ikikanyagwa, kanieneo hufika angahewa 26, yaani ile moja ya mwanzo pamoja na 25 zilizoongezwa. Ujazo wa hewa hushuka hadi 2 ÷ 26, yaani takriban 0.08. Maana yake, sentimita za ujazo 1.92 za mafuta yaliyosukumwa zimetumika kuibana hewa, wala hazikufika kwenye silinda ya chini.

Zilizobaki ni 4.11. Pistoni ya chini itasogea milimita 13.1 badala ya 19.2, na beringi milimita 6.5 badala ya 9.6. Karibu theluthi moja ya mwendo imepotea. Pleti haiachii sawasawa, gia zinalia, na mwenye gari anaambiwa anunue pleti mpya. Akiinunua, na mafundi wakafungua bomba na kulijaza tena bila kutoa hewa kwa uangalifu, ugonjwa utarudi asubuhi ya pili.

Hesabu hii inaeleza pia jambo ambalo madereva wengi wamelizoea: pedali ikikanyagwa upesi mara tatu au nne, gia huingia. Pistoni kuu inaporudi upesi, mafuta mengine kutoka kwenye kopo hupenya na kujaza nafasi mbele yake kabla yale ya bombani hayajarudi. Kwa muda mfupi mafuta ndani ya bomba huwa mengi kuliko kawaida. Pedali inayoitika baada ya kupigwapigwa ni dalili kubwa ya hewa, wala si dalili ya pleti kuisha.

Mwizi wa pili: uwazi usio sahihi

Klachi ya namna hii huwa na uwazi mahali pawili, na kila mmoja una sababu yake.

Uwazi wa kwanza uko juu, kati ya ufito wa pedali na pistoni kuu. Pedali inapoachwa, pistoni sharti irudi kabisa hadi mwisho. Hapo ndipo kitundu kidogo, au vali katika silinda za aina nyingine, hufunguka na kuyaunganisha mafuta ya bombani na yale ya koponi. Injini ikipata moto mafuta hutanuka, na ziada hupitia kitundu hicho kurudi kwenye kopo. Ufito ukirekebishwa hata ukawa unaigusa na kuisukuma pistoni wakati wote, kitundu hubaki kimezibwa. Mafuta yanayotanuka hukosa njia, huisukuma pistoni ya chini, na klachi huachia kidogo ingawa hakuna mguu juu ya pedali. Pleti huteleza, huungua, na kwisha kabla ya wakati wake.

Katika mfano wetu, uwazi wa milimita 1 kwenye pistoni huonekana kama milimita 5 za mchezo kwenye pedali, kwa sababu wenzo ni wa 5 kwa 1. Mchezo huo mdogo, ambao dereva asiyejua huuona kuwa ni ulegevu wa kuondolewa, ndio uhai wa klachi.

Uwazi wa pili uko chini, kati ya beringi na vidole, na hupimwa kwenye ncha ya uma. Si magari yote yaliyo nao. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, springi ndogo ndani ya silinda ya chini huishikiza beringi kwenye vidole wakati wote, na pistoni hujirekebisha yenyewe. Katika mengine silinda ya chini imezunguka shafti ndani ya giaboksi na haina uma kabisa. Magari hayo hayarekebishwi chini. Lakini penye ufito wa chini wenye nati mbili, uwazi ni lazima upimwe.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Breki zikilika, uwazi kati ya kiatu na duru huongezeka. Kwa hiyo hudhaniwa kwamba klachi nayo ikilika uwazi utaongezeka. Katika klachi ya kusukuma tunayoieleza ni kinyume chake. Pleti ikiwa nyembamba, presha pleti husogea karibu zaidi na flaiwili, na ncha za ndani za vidole hutoka nje kuelekea beringi. Uwazi hupungua. Ukifika sifuri, vidole huanza kuiegemea beringi, na sehemu ya nguvu ya springi iliyokusudiwa kuibana pleti huishia kwenye uma. Hapo kuteleza huanza, na kuteleza huzidisha kulika. Mwenye kupima uwazi huu kila baada ya muda uliowekwa na mtengenezaji hulizuia jambo hilo kwa spana mbili na dakika kumi.

Mafuta ya klachi

Mafuta yanayotumika katika klachi nyingi ni yale ya breki ya aina ya glikoli, yenye alama DOT 3 au DOT 4. Mafuta haya hunyonya unyevu hewani. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 3 mapya ni sentigredi 205, lakini yakikwisha kunyonya maji kwa kadiri iliyowekwa katika kipimo, kiwango hicho ni sentigredi 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Zaidi ya hayo, maji huleta kutu katika kuta za silinda, na kutu huzikata raba za pistoni. Kwa hiyo kopo lifungwe daima, chupa iliyokaa wazi isitumike, na mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili au kwa kadiri ya kitabu cha gari.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuongeza mafuta ya injini, au mafuta mengine ya madini, kwa kuwa ya breki yamekosekana. Mafuta ya madini huzivimbisha raba zilizotengenezwa kwa ajili ya glikoli. Raba iliyovimba huziba kitundu cha kurudishia, nasi tumekwisha kuona matokeo yake. Gari lililotiwa mafuta hayo huhitaji kusafishwa mfumo mzima na kubadilishwa raba zote. Yapo magari machache yaliyoundwa kutumia mafuta ya madini. Kwa hiyo maandishi ya kifuniko cha kopo yasomwe kwanza.

Kuutambua ugonjwa

Kwanza, klachi inateleza au haiachii? Ikiteleza, injini huvuma na gari halifuati. Ikiwa haiachii, gia hulia. Hewa na uvujaji kwa kawaida husababisha klachi isiachie, si kuteleza.

Ikiwa haiachii, kagua kopo, kisha silinda zote mbili na bomba. Mafuta yakionekana nje, raba imekwisha. Yasipoonekana, pigapiga pedali: ikiimarika, kuna hewa. Kisha simamisha gari mahali tambarare pasipo mtu mbele wala nyuma, washa injini, kanyaga klachi na breki, ingiza gia ya kwanza, na uishikilie pedali ya klachi. Pedali ikizama polepole, au gari likianza kuvuta baada ya muda ingawa mguu haujainuka, raba ya silinda kuu inapitisha mafuta kwa ndani.

Ikiwa inateleza, uliza ni wakati gani. Ikiteleza injini ikiwa ya moto na kupona baada ya kupoa, shuku kitundu kilichozibwa. Wakati inateleza, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa: mafuta yakiruka kwa nguvu na kuteleza kukakoma, pleti haina kosa. Rekebisha ufito wa juu au safisha silinda kuu. Ikiwa uwazi wote ni sahihi, nayo klachi inateleza ikiwa baridi na ikiwa ya moto, ndipo hukumu ya pleti iwe ya haki: imekwisha, au imelowa mafuta.

Kutoa hewa

Kazi hii yahitaji watu wawili, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na chupa safi.

1. Zuia magurudumu kwa mawe au magogo. Gari likiinuliwa, liegemezwe juu ya vigingi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
2. Jaza kopo. Safisha skrubu ya silinda ya chini, vika mpira, na zamisha ncha ya pili ndani ya mafuta kidogo chupani.
3. Mmoja akanyage pedali polepole hadi chini na kuishikilia. Wa pili alegeze skrubu, aache mafuta na mapovu yatoke, kisha aikaze kabla pedali haijaachwa. Mfuatano huu ukikosewa, hewa hunyonywa ndani upya.
4. Rudieni mpaka mafuta yatoke bila povu hata moja. Kopo lisiachwe kukauka.
5. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe koponi.

Mafuta ya breki ni sumu, tena hubabua rangi ya gari. Yasinyonywe kwa mdomo, na yakimwagika yaoshwe kwa maji. Tena, pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu na huweza kuleta saratani. Giaboksi ikishushwa, vumbi lisipulizwe kwa upepo wala lisifagiliwe likiwa kavu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Jaribio la darasani

Chukua mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja dogo na moja kubwa, na uyaunganishe kwa mpira mwembamba. Yajaze maji bila povu. Sukuma lile dogo, na upime kila moja limesogea milimita ngapi. Kisha ingiza hewa kidogo, weka uzito juu ya lile kubwa, na usukume tena. Wanafunzi wataona lile dogo linasogea na lile kubwa linachelewa.

Maswali

1. Katika mfano wetu, hewa ikiwa sentimita za ujazo 1, pistoni ya chini itasogea kiasi gani?
2. Fundi ameweka silinda ya chini yenye kipenyo cha milimita 22 badala ya 20. Kani itaongezeka hadi kiasi gani, na mwendo utapungua hadi kiasi gani? Je, gari limefaidika?
3. Kwa nini pleti inayolika hupunguza uwazi wa beringi?

Majibu ya hesabu: (1) takriban milimita 16.1. (2) Kani niutoni 945 hivi. Mwendo milimita 15.9. Pedali imekuwa nyepesi, lakini beringi imepoteza zaidi ya milimita moja na nusu ya mwendo wake.